Mkanda wa Mwisho: Nilivyoiuza Kamera Yangu ya Panorama

Siku niliyoufungua mkoba wa kamera yangu ya panorama, baada ya kuuacha kabatini kwa miezi 14, kihesabio cha fremu kilikuwa kimesimama kwenye namba 2. Ndani mlikuwa na mkanda ulioanza kupigwa usimalizike. Kwa mtu asiyeijua kamera ya aina hii jambo hilo halina uzito wowote, lakini mkanda mmoja wa 120, yaani saizi ya filamu pana, hutoa fremu 4 tu katika kamera ya sentimita 6 kwa 17, na mtu aliyeshindwa kupiga picha 2 zilizobaki kwa zaidi ya mwaka mzima hana budi kukiri kwamba ameacha kuwa mpiga picha wa kamera ile, amekuwa mlinzi wake. Nilikaa nayo mapajani kwa muda mrefu jioni ile, na nilipoirudisha mkobani nilikuwa nimekwisha kuamua kuiuza.

Kamera yenyewe ni Fuji Panorama G617, iliyotoka mwaka 1983, yenye lenzi moja isiyobanduka ya milimita 105 na tundu la juu la f/8, yaani uwazi mkubwa kuliko wote unaopitisha mwanga. Haina betri, haina kipimamwanga, haina kioo cha ndani wala skrini. Umbali hukadiriwa kwa macho na kuwekwa kwenye pete ya lenzi, na mandhari hutazamwa kupitia kitazamio kilichowekwa juu ya kamera, ambacho hakijui lolote kuhusu kilichomo ndani ya lenzi. Kinachowafanya watu waistahimili ni negativu yake, yaani kipande cha filamu iliyosafishwa ambamo picha hutolewa: upana wa milimita 168 na kimo cha milimita 56, eneo ambalo ni takribani mara 11 ya fremu ya kawaida ya milimita 35. Ukiishika negativu hiyo mbele ya dirisha, unaisoma kwa macho matupu kama unavyosoma barua.

Nilipoanza kutafuta mnunuzi niligundua kwamba neno "panorama" hubeba vitu vingi visivyofanana, na sehemu kubwa ya maswali niliyoulizwa ilitokana na mkanganyiko huo. Zipo kamera kama Noblex 6/150, ambazo lenzi yake huzunguka wakati wa kupiga na kufagia mandhari yenye upana wa nyuzi 146 hivi. Hizo huipinda mistari iliyonyooka, na ukuta mrefu ulio mbele yako hutokea kama upinde. Ipo Hasselblad XPan ya mwaka 1998, ambayo hutumia filamu ya milimita 35 na kutoa fremu ya milimita 24 kwa 65. Ni kamera nzuri, lakini si ya umbo la kati, yaani ile inayotumia filamu pana kama ya 120. Yangu iko katika ukoo mmoja na Linhof Technorama na ile Fuji GX617 ya mwaka 1993 inayobadilisha lenzi: lenzi imetulia, filamu imelala bapa, mstari ulionyooka hubaki umenyooka, na upana unaoonekana ni kama nyuzi 77. Mtu aliyetarajia nyuzi 146 akapokea 77 atajiona ametapeliwa, hata kama muuzaji hakusema uongo wowote. Kwa hiyo jambo hilo nililitanguliza kabla ya mengine yote.

Swali lingine lililorudi mara kwa mara lilikuwa hili: kwa nini mtu anunue kamera hii ilhali simu yoyote huunganisha picha na kutoa panorama? Sikulidharau swali hilo, maana nami niliwahi kujiuliza. Jibu langu ni kwamba simu hushona pamoja nyakati mbalimbali, na kila kinachotembea huvunjika kwenye mshono. Kamera hii hufungua mara moja tu. Wimbi lililo kushoto na ndege aliye kulia ni wa sekunde ileile, na anayeitazama picha hulihisi hilo hata kama hawezi kulitaja.

Sasa nieleze kwa nini sikutaka kuiuza kwa haraka. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua kamera nyingine ya umbo la kati kutoka kwa muuzaji aliyeitangaza kuwa "kama mpya". Picha za tangazo zilikuwa safi, ngozi inang'aa, chuma hakina mkwaruzo. Mkanda wangu wa kwanza ulipotoka kwenye maji, kila kitu kilionekana kana kwamba kimepigwa kupitia pazia jepesi. Nilipomulika tochi ndani ya lenzi niliona nyuzi za kuvu zimetambaa kama mizizi kutoka ukingoni hadi karibu na katikati, na zilikuwa zimekwisha kuila rangi ya kinga iliyopakwa juu ya kioo. Sijui kama muuzaji alinidanganya au hakuwahi kutazama. Kwangu mimi matokeo yalikuwa yaleyale. Tangu hapo ninaamini kwamba biashara ya kamera za filamu husimama juu ya neno la muuzaji kuliko biashara nyingi nyingine, kwa sababu mnunuzi hawezi kupiga picha moja ya majaribio na kuitazama hapo hapo. Ushahidi wa kweli hutoka kwenye mkanda uliosafishwa, na aliye na nafasi ya kuupiga kabla ya fedha kubadilishana mikono ni muuzaji peke yake.

Nilianza na kioo. Chumba kikiwa giza, nilifungua tundu la lenzi lote, nikaiacha shata, kilango kinachoruhusu mwanga kuingia, ikiwa wazi kwa kutumia B (mpangilio unaoishikilia wazi kadiri utakavyo) na kumulika tochi kutoka nyuma kwa pembe, kwa sababu mwanga wa pembeni ndio unaofichua kila kitu, ilhali ule wa moja kwa moja huficha. Kulikuwa na vumbi, ambalo kila lenzi ya umri huu inalo na halina athari kwenye picha. Palikuwa na mkwaruzo mmoja mfupi kwenye kioo cha mbele, karibu na ukingo, ambao nilikuwa nimeusababisha mwenyewe kwa kitambaa chenye mchanga. Kuvu haikuwapo, wala ukungu, wala yale mapete ya rangi yanayoonyesha kwamba gundi iliyounganisha vioo imeanza kuachia. Lakini mkoba wa ngozi nilioutunzia kamera kwa miezi yote ile ulikuwa na harufu ya unyevu, na nilishtuka. Ngozi hunywa unyevu na kuurudisha polepole. Kuifungia lenzi ndani ya ngozi ni kuitengenezea kuvu makao. Kuanzia siku hiyo hadi ilipoondoka, kamera ilikaa wazi juu ya rafu.

Shata ilinichukua muda zaidi. Ni shata ya vipande vyembamba vya chuma vinavyofunguka kutoka katikati ya lenzi, na mafuta yake yakikauka au kuganda, kasi za chini ndizo zinazoanza kulegea. Niliifyatua mara nyingi bila mkanda, kasi moja baada ya nyingine, kisha nikairekodi sauti yake kwa simu. Kwa kasi za chini mlio wa kufunguka na mlio wa kufunga hutengana vizuri, na unaweza kupima nafasi iliyo kati yake kwenye mchoro wa sauti. Sekunde 1 ilichukua sekunde 1.3, na nusu sekunde nayo ilizidi kwa uwiano unaokaribia huo. Kuanzia 1/15 ya sekunde sikuona kasoro niliyoweza kuipima. Kasi za juu hazipimiki kwa njia hii, maana milio miwili hugeuka mmoja. Hizo zinahitaji kitambuzi cha mwanga, nami sikuwa nacho. Niliandika hivyo hivyo kwenye tangazo: kasi hizi nimezipima, hizi sikuzipima. Sekunde 1.3 badala ya 1 ni kosa lisilofika nusu stopu (stopu moja ni kuongeza mwanga maradufu au kuupunguza kwa nusu), na filamu ya negativu hulimeza bila shida, lakini mtu anayetumia filamu ya slaidi ana haki ya kulijua kabla hajalipa.

Kuna kifaa kimoja kidogo ambacho wauzaji wengi hukisahau, na kwa maoni yangu ndicho kinachotofautisha kamera kamili ya aina hii na kamera pungufu. Ni kichujio cha katikati. Lenzi pana inayofunika negativu kubwa namna hii haiwezi kusambaza mwanga sawasawa. Mwanga unaofika pembeni husafiri kwa mshazari, tena kwa umbali mrefu zaidi, na hufika ukiwa umepungua. Kwa hesabu ya nadharia, kwenye pembe za negativu ya milimita 168 iliyo nyuma ya lenzi ya milimita 105, mwanga hushuka hadi karibu theluthi moja ya ule wa katikati. Kichujio hicho kina kivuli cha kijivu kilichokolea katikati na kufifia kuelekea ukingoni, hivyo hupunguza mwanga mahali ulipozidi ili picha nzima ilingane. Gharama yake ni stopu moja. Kwa lenzi inayoanzia f/8 stopu moja si kitu kidogo, na ndiyo maana kamera hizi na tripodi haziachani.

Kichujio kikipotea, kukipata kingine ni kazi, kwa kuwa hutengenezwa kwa ajili ya lenzi mahususi na watu hawakiuzi peke yake ila kwa bahati. Nimeona kamera za 6 kwa 17 zikitangazwa bila kichujio na bila hata neno moja la kusema kwamba hakipo. Mnunuzi mgeni hawezi kuuliza habari za kitu asichojua kwamba kilipaswa kuwapo, na hapo ndipo ukimya wa muuzaji unapogeuka uongo. Changu kilikuwapo, ndani ya kikasha chake, kikiwa na mchubuko kwenye uzi wa chuma lakini kioo ni kizima.

Baada ya hayo nikaupiga mkanda wa mwisho. Ule wa zamani nilikwisha kuutoa, baada ya kuzimaliza zile fremu 2 dirishani. Nikachagua filamu nyeusi na nyeupe ya kasi 400 (kipimo cha jinsi filamu inavyohisi mwanga), kwa sababu ningeweza kuisafisha mwenyewe siku hiyohiyo bila kumtegemea mtu. Kwanza nilihakikisha kamera imewekwa kwenye 120 na si 220: mkanda wa 220 hauna karatasi nyuma ya filamu na hubeba fremu 8, hivyo unene na hesabu ni tofauti, na mpangilio ukikosewa jaribio lote halina maana. Kisha nikakaa chini na kuzigawia fremu 4 kazi zake, kama mtu anayegawa urithi mdogo kwa watoto wengi.

Fremu ya kwanza niliupa ukuta wa matofali. Kamera iliwekwa kwenye tripodi, ikasawazishwa kwa pimamaji yake, ikautazama ukuta ana kwa ana, tundu likiwa wazi kabisa kwenye f/8. Ukuta wa namna hiyo hausemi uongo: ikiwa upande mmoja wa negativu ni mkali na mwingine umefifia, basi lenzi imeinama au filamu hailali sawa, na hakuna maneno ya tangazo yanayoweza kuufuta ushahidi huo. Fremu ya pili ilikuwa ya ukuta mweupe mtupu bila kichujio, na ya tatu ukuta uleule na kichujio, nikiwa nimeongeza stopu moja. Zikiwekwa sambamba, fremu hizo mbili humweleza mnunuzi kwa jicho moja yale ambayo mimi nimetumia aya nzima kuyaeleza. Kabla ya kusogeza mkanda kwenda fremu ya nne niliiacha kamera juani kwa robo saa, nikiigeuza pande zote, kwa sababu mwanga unaovuja kwenye mlango wa nyuma huacha alama hata pale ambapo hakuna picha.

Ya nne niliipiga kwa ajili yangu. Sikuwa nimekusudia hivyo. Nilikuwa nimepanga kuipiga jua likiwa mbele ya lenzi, nione jinsi inavyostahimili mwanga mkali. Lakini nikiwa narudi jioni nilipita juu ya mwinuko unaotazama uwanja wa mpira, na vijana walikuwa wakicheza. Kutoka pale niliposimama kitazamio kiliumeza uwanja mzima, goli hadi goli. Niliweka kichujio, f/11, 1/125, nikasubiri. Walinzi wawili wa upande wa kushoto walikuwa wamesimama mikono kiunoni, kundi kubwa lilikuwa katikati likikimbilia kulia, na mpira ulikuwa juu hewani, mbali na miguu yote. Nikafyatua, na mkanda ukaisha.

Nilipoutoa kwenye maji nikauning'iniza, niliutazama kwa utaratibu niliojiwekea, nikianza na nafasi zilizo kati ya fremu. Zilikuwa safi, hazikupandana, wala hapakuwa na doa jeusi la mwanga uliovuja. Matofali yalikuwa makali mwisho hadi mwisho, yakilegea kidogo tu kwenye pembe za chini, jambo la kawaida tundu likiwa wazi kabisa. Ukuta mtupu ulionyesha pembe nyepesi katika fremu ya pili na usawa katika ya tatu. Ya nne niliiacha mwisho, na niliitazama kwa muda mrefu zaidi kuliko zote tatu.

Kumwonyesha mtu wa mbali negativu ya sentimita 17 ni tatizo lenye ugumu wake. Skana nyingi nzuri za filamu zilizotengenezwa kwa umbo la kati hufika sentimita 6 kwa 9 na kukomea hapo, hivyo negativu hii husomwa kwa vipande viwili na kuunganishwa, kazi ambayo inaiondolea maana yake yote. Nilitumia skana bapa yenye mwanga wa juu, ambayo haifikii ukali wa negativu yenyewe, lakini huisoma nzima kwa mara moja. Mnunuzi anayetaka kuchapisha katika chumba cha giza anapaswa kuambiwa pia kwamba mashine ya kukuzia negativu za inchi 4 kwa 5 haitoshi, kwa kuwa inchi 5 ni milimita 127 na negativu hii ni milimita 168. Niliyaandika yote mawili. Rafiki mmoja aliniambia kwamba ninawafukuza wateja kwa maelezo. Nilimjibu kwamba mteja anayefukuzwa na ukweli wa mashine ya kukuzia angerudi baada ya wiki mbili akiwa na hasira, na angekuwa na haki.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la kamera kuukuu mambo hayaendi hivyo, kwa sababu kizuri na kibaya huvaa ngozi moja. Niliepuka maneno kama "kama mpya" na "hali nzuri sana", ambayo yametumika vibaya hadi yamebaki matupu, nikaandika vitu vinavyoonekana na kupimika: mkwaruzo huu, urefu wake, mahali pake, rangi iliyochubuka chini ya kamera, pale tripodi inapofungwa, sekunde 1 inayochukua 1.3. Picha za tangazo nilizipiga kwa mwanga wa dirisha, moja kwa kila kasoro, na baada yake nikaweka skani 3 za majaribio. Bei niliipanga kwa kutazama kamera za aina hiyohiyo zilizokwisha kuuzwa kweli, wala si zile zinazotangazwa tu, maana tangazo linalokaa miezi 8 bila mnunuzi linaeleza matumaini ya muuzaji na si thamani ya kitu. Nikapunguza kiasi kwa ajili ya shata, kwani nilijua atakayeinunua ataipeleka kwa fundi mapema au baadaye.

Aliyeandika kwanza alitaka kulipa zaidi ya bei na kuomba nimrudishie ziada. Hila hiyo ni ya zamani, nami sikuijibu. Wa pili alitaka kuipata kwa nusu ya bei bila kuuliza swali hata moja. Wa tatu aliuliza kama kichujio cha katikati kina mikwaruzo upande wa ndani, na nilipolisoma swali hilo nilijua kwamba kamera imepata mwenyewe. Tuliandikiana kwa siku 5. Aliniuliza pete ya umbali inazunguka kwa uzito gani, nikamwelezea. Aliomba picha ya bapa linaloikandamiza filamu, nikaipiga. Fedha zilipita kwa wakala aliyezishikilia hadi mzigo ufike, utaratibu ambao ulimlinda yeye na kunilinda mimi.

Kuifunga kulinichukua mchana mzima. Shata niliiacha ikiwa haijakazwa, ili springi isibebe mvuto njia nzima. Pete ya umbali niliirudisha kwenye alama ya mbali kabisa, ambapo lenzi imeingia ndani kadiri inavyoweza. Kamera iliingia kwenye boksi la kwanza, ikiwa imebanwa na sponji isiweze kusogea hata kidogo, na boksi hilo likaingia katika la pili likiwa na nafasi ya mto pande zote. Nikaweka vipakiti vya kukausha unyevu. Mkoba wa ngozi niliufunga peke yake, ndani ya plastiki, na kumwandikia asiutumie kuhifadhia kamera. Kisha nikaukata mkanda wa majaribio na kuziweka negativu 3 kwenye bahasha yake, ili azishike mbele ya dirisha lake kabla hajapiga hata fremu moja.

Siku 11 baadaye aliandika kwamba mzigo umefika salama, kwamba pete ni nzito kama nilivyosema, na kwamba tayari ameweka mkanda. Mwishoni aliuliza, kwa adabu, kama kulikuwa na hitilafu katika fremu ya nne, kwa kuwa mkanda wa 120 hutoa 4 na yeye alipata 3. Nilimjibu kwamba haikuwa na hitilafu yoyote, nikamtumia skani yake: uwanja mzima, goli hadi goli, na mpira uko juu. Negativu yenyewe nimebaki nayo.